Barua ya wazi kwa Amiri Jeshi Mkuu na wakuu wa jeshi: kabla hamjawatuma tena vijana wetu kulea majeshi ya wenzetu

Mheshimiwa Rais na Amiri Jeshi Mkuu,
Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa,
Afande Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi,
Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Bunge ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama,

Nawaandikia kutoka Igoma, Mwanza. Mimi ni mzee wa miaka 67. Mwaka 1978 nilikuwa mgambo nikaingizwa jeshini kwenda vita vya Kagera, na leo nina mtoto ambaye ni askari wa Jeshi la Wananchi. Alikuwa Kongo, karudi salama, namshukuru Mungu. Wiki tatu zilizopita alikuja nyumbani likizo. Tukiwa tunakula akatuambia kwamba kikosi chao kinaandaliwa kwenda tena nje, na kwamba safari hii kazi kubwa itakuwa kuwafundisha askari wa huko, kupigana itakuwa kwa nadra. Mama yake akashusha pumzi, akasema, "Hapo afadhali." Mimi nikanyamaza. Kazi hiyo ya kufundisha niliwahi kuifanya, na najua si nyepesi kama inavyosikika mezani. Usiku ule sikupata usingizi, nikaona nisimweleze mama yake, niwaeleze ninyi mnaotia saini.

Niseme mapema kwamba sipingi vijana wetu kwenda. Watu wa ziwa hili hawahitaji kuelezwa kwamba moto wa jirani unavuka maji. Machi 1979 ndege ya Libya ilikuja kulenga matangi ya mafuta hapa Mwanza kumsaidia Idi Amin wa Uganda tuliyekuwa tunapigana naye. Ilikosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua swala. Waliokuwa watoto mjini wakati ule bado wanahadithia mshindo ule. Na juzijuzi tu, Oktoba 2020, wauaji waliotoka Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, walivuka mto Ruvuma wakaingia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Kwa hiyo anayeniambia kila nchi ibaki na yake, namwambia ukuta huo haupo. Isitoshe, kufundisha wapiganaji wa wenzetu ni kazi tuliyoianza zamani. Kambi za wapigania uhuru za Kongwa na Nachingwea zilifunguliwa kwa ajili hiyo wakati jeshi letu lenyewe, lililoundwa Septemba 1964, lilikuwa bado changa.

Ninachotaka kusema ni kimoja, na nitakirudia: msiwatume walimu kabla hamjauliza mwanafunzi analishwa na nani, na kwa muda gani.

Nawaeleza nilikokitoa. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Wenzangu wengi wa mgambo walirudishwa nyumbani, wakapokewa kwa ngoma. Wengine tulibakizwa. Uganda ilikuwa inaunda jeshi jipya na jeshi jipya linahitaji mtu wa kulishika mkono. Nilipangiwa kambi moja, safari ya kutwa nzima kwa lori kutoka mpakani Mutukula, chini ya sajenti mmoja mtu wa Songea. Mimi nilikuwa na miaka 21, sijafikisha hata mwaka jeshini, naitwa mkufunzi msaidizi. Tulikabidhiwa vijana kama 40.

Kati yao alikuwepo mmoja mrefu, mpole, mwenye shabaha kuliko sisi tuliokuwa tunamfundisha. Bunduki yake aliisafisha kwa kipande cha gomesi, lile gauni la akina mama wa Uganda, la mama yake, kitambaa cha njano chenye maua, akimaliza anakikunja mara nne anakiweka mfukoni. Alikuwa anapenda kazi. Ukimwamsha saa kumi usiku kwa lindo anaamka akiwa tayari amefunga viatu. Mwezi wa kwanza ukaisha, mshahara wao ulikuwa haujafika. Wa pili hivyo hivyo. Mwezi wa tatu alinijia nikiwa nanyoa ndevu, akasimama wima kama tulivyomfundisha, akasema, "Afande, mimi nakula hapa. Nyumbani wanakula nini?" Nilimwambia avumilie. Sikuwa na jibu lingine, na hata sajenti hakuwa nalo. Siku tisa baadaye kitanda chake kilikuwa kitupu na bunduki haikuwepo. Kile kitambaa cha njano alikiacha juu ya blanketi, kimekunjwa.

Baada ya hapo tukaanza kusikia habari za vizuizi barabarani. Vijana wenye magwanda mapya wanasimamisha mabasi, wanawashusha akina mama, wanachukua hela na kuku. Wakati ule raia wengi wa kule walikiona Kiswahili kuwa ni lugha ya bunduki. Nilikwenda kununua ndizi, mama muuzaji aliposikia nasema "shikamoo mama" akavuta mlango akafunga. Nilisimama pale na noti mkononi. Nikaelewa kwamba hakuwa ananikimbia mimi, alikuwa anawakimbia wanafunzi wetu. Na niseme kweli, kuna wenzetu wachache waliompa sababu pia, maana wapo waliorudi nyumbani na redio ambazo hawakuzinunua.

Askari wetu wa mwisho waliondoka Uganda katikati ya 1981. Julai 1985 jeshi lile lile tulilolilea likaipindua serikali yake, na Januari 1986 lenyewe likafurushwa Kampala. Kwata, shabaha, usomaji wa ramani, vyote tuliwapa. Mshahara wa mwezi wa tatu haukuwa mikononi mwetu, na huo ndio ulioamua.

Huenda mtu wa ofisini akasema hayo ni ya zamani, mambo yamebadilika. Basi tutazame ya karibuni. Marekani na wenzake walikaa Afghanistan miaka 20. Walikuwa na fedha ambazo sisi hatutaziona. Walituma vikosi kazi vizima kutoka Uingereza, Australia na kwingineko, si kwa ajili ya kupigana tu, bali wakae kambi moja na askari wa Afghanistan, wale pamoja, waende doria pamoja. Mimi kazi hiyo naiita ulezi, kwa sababu mwalimu humaliza kipindi akaenda zake, lakini mlezi analala nyumba moja na mtoto. Na mlezi anaweza kuumizwa na anayemlea: Oktoba 2011 askari mmoja wa Afghanistan aliwafyatulia risasi walezi wake wa Australia walipokuwa wametoka tu kwenye gwaride, watatu wakafa. Kisha wakaguzi wa Marekani wenyewe wakawa wanaandika ripoti baada ya ripoti kwamba kwenye orodha ya jeshi lile kuna askari hewa, majina yanayolipwa bila watu. Sisi tunalijua neno hilo, tulipata watumishi hewa wetu. Walio hai mishahara yao ilikatwa njiani na wakubwa zao. Tarehe 15 Agosti 2021 Kabul ilichukuliwa na Taliban karibu bila risasi kulia. Miaka 20 ya ulezi, na fedha zisizohesabika.

Sasa nije Kongo, ambako mtoto wangu alikuwa.

Historia yetu kule mnaijua kuliko mimi. Mwaka 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwa azimio namba 2098 liliunda ile brigedi ya kuingilia kati, sisi na Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania. Mwaka ule ule waasi wa M23 wakashindwa. Tulifurahi sana hapa Mwanza, nakumbuka watu wanapigiana honi. Lakini ushindi ule ulikuwa na maana kwamba jeshi la Kongo lisimame lishike pale tulipopatwaa. Baada ya miaka minane M23 wakarudi wakiwa na nguvu zaidi. Desemba 2023 vijana wetu wakaenda tena, safari hii chini ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kulisaidia jeshi lile lile dhidi ya watu wale wale.

Mtoto wangu aliniambia jambo ambalo limekaa nami. Kiswahili kinatusaidia kule kuliko silaha yoyote. Askari wa Kivu anasema "batu" pale tunaposema "watu", lakini mnaelewana, hakuna mkalimani katikati. Mzungu anayemlea Mwafghanistan angetoa chochote apate hiyo. Jioni wanakaa pamoja, wanaongea habari za mpira, za watoto, mwisho wanaongea habari za mshahara. "Baba," aliniambia, "yule kaka wa Kongo niliyekuwa naye lindo aliniuliza kama kwetu hela inaingia kwenye simu kila mwezi. Nilipomwambia inaingia, akacheka, halafu akakaa kimya mpaka zamu ikaisha." Miaka 45 imepita na ziwa liko katikati yetu, ila swali ni lile lile la kijana wa gomesi. Mapema 2025 Rais Tshisekedi wa Kongo alitangaza kuwaongezea askari wake mishahara. Ni hatua nzuri, lakini ilitangazwa wakati mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, umeshachukuliwa na M23.

Na habari za Goma tulizipataje sisi wazazi? Mkwe wangu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Wafanyabiashara wa Kongo wanakuja pale kila wiki kupakia dagaa na kayabo. Mwisho wa Januari 2025 mmoja wao alishika simu akakaa chini juu ya gunia, akasema Goma imeingiliwa na uwanja wa ndege umefungwa. Hivyo ndivyo mke wa askari wa Tanzania alivyojua, sokoni, miguu imejaa magamba ya dagaa, kutoka kwa mteja. Alikuja Igoma anakimbia. Kuna namba ya simu tuliyoachiwa wakati kikosi kinaondoka. Tuliipiga siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Iliita mpaka ikakata. Nilikwenda mwenyewe kwenye ofisi moja, nikajitambulisha kuwa ni mstaafu na baba wa askari, nikaambiwa nisubiri taarifa. Kijana aliyenijibu hakunikosea heshima, alinipa hata kiti. Hakuwa na la kuniambia.

Mwanzoni mwa Februari taarifa ya jeshi ikatoka: wawili wamefariki, wengine wamejeruhiwa. Mwenye mtoto kule anaisoma taarifa kama hiyo kwa namna yake. Unafurahi kwamba si wako, halafu unaona aibu, kwa sababu nyumba nyingine mbili zimeanza kulia dakika hiyo hiyo. Kwa muda wa siku kadhaa hatukuwa na hakika. Kisha ukaja ujumbe mmoja, maneno mawili: "Niko hai." Walikaa kule, kambi imezungukwa, hadi mwishoni mwa Aprili walipoanza kutolewa kwa barabara kupitia Rwanda hadi Chato. Alipofika alipiga simu. Hakusema habari za vita. Alisema, "Baba, naliona ziwa."

Wakubwa zangu, nawaomba msione kwamba nataka siri za jeshi. Mimi nimekula kiapo, siri naijua. Sitaki kujua kikosi kiko wapi wala kina silaha gani. Nataka mtu apokee simu aseme, "Mzee, jina la kijana wako liko kwenye orodha ya walio salama hadi saa 12 leo." Hilo halimsaidii adui kwa lolote.

Nirudi kwenye ulezi wenyewe. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yetu ya Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa. Tulipoteza wanajeshi wasiopungua 14 kwa usiku mmoja na wengine zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Umoja wa Mataifa ulifanya uchunguzi, na walichosema hadharani kiliniuma mno: hapakuwa na mpango unaotekelezeka wa kupeleka nguvu ya ziada wala wa kuwatoa waliozingirwa, na palikuwa na upungufu wa ndege, wahandisi na taarifa za kiintelijensia. Hilo lilikuwa jeshi la kupigana, limejihami. Sasa fikirini mlezi. Mlezi anakwenda na wenzake wachache kwenye kambi ya watu wengine. Anawategemea wale anaowafundisha wamlinde. Siku wakikimbia, na askari asiyelipwa miezi mitatu atakimbia, mlezi anabaki na bendera begani na ramani mkononi. Nani anamfuata? Kwa ndege ya nani? Baada ya saa ngapi? Majibu ya maswali hayo yawe kwenye karatasi kabla lori la kwanza halijaondoka kambini, na kamati ya Bunge iyaone, hata kama ni kikao cha ndani.

Ndiyo maana nasisitiza mkataba. Kabla ya kutuma walezi, kaeni na serikali inayowaomba, muulize: hao askari mnaotaka tuwafundishe ni wangapi kwa kuhesabu vichwa, wanalipwa kwa njia gani, na fedha inapita mikononi mwa nani? Kama inapita kwa kamanda, sema hapana, mpaka ipite kwenye simu ya askari mwenyewe. Nchi zetu zote sasa zina miamala ya simu, hata mvuvi wa Ukerewe analipwa hivyo akiwa ndani ya mtumbwi. Mkiona miezi miwili imepita bila mshahara, walezi wetu warudi kambini kwao. Wasiendelee kuwafundisha shabaha watu wenye njaa, kwa sababu njaa hiyo na shabaha hiyo zitamwangukia mama muuza ndizi.

Halafu muda. Kikosi chetu kinakaa mwaka mmoja hivi, kinabadilishwa. Mlezi anachukua miezi mitatu kuaminika, miezi sita anafanya kazi, mitatu ya mwisho anafunga mizigo. Anayekuja baada yake anaanza upya na majina mapya. Nashauri walezi wachache wakae miaka miwili, wenye umri kidogo, masajenti waliotulia, na walipwe kwa uzito huo. Familia zao zipewe safari mbili za kuwaona au wao wapewe likizo ya kweli. Mimi nilikuwa na miaka 21 nikipewa jeshi la mtu nililee. Nisingependa mtoto wa mtu mwingine apewe mzigo ule.

La mwenendo silipendi lakini siliruki. Juni 2023 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba kikosi chetu cha wanajeshi 60 kilichokuwa Jamhuri ya Afrika ya Kati kinarudishwa nyumbani kwa tuhuma za unyanyasaji wa kingono dhidi ya raia, watu 11 wakihusishwa. Nilisikia redioni nikiwa kwa kinyozi hapa Igoma, na kila mtu akanigeukia kana kwamba mimi ndiye msemaji wa jeshi. Nataka kujua kesi zile ziliishia wapi, na wananchi wengi wanataka kujua. Anayetumwa kufundisha askari wa mwenzake namna ya kuishi na raia anatazamwa anavyoishi yeye mwenyewe. Adhabu ikitolewa ndani kimyakimya, hata ikiwa kali, mama wa kule Afrika ya Kati hataisikia, na mwanafunzi wetu hatajifunza.

Na wanaporudi, waulizwe. Mtoto wangu amekaa mwaka mzima na askari wa Kongo, anajua wanaogopa nini, wanapigana vizuri wakiwa na nani, wanakimbia wakati gani. Maarifa hayo yako kichwani mwake na kwenye daftari moja la shule ambalo mkwe wangu amelificha kabatini chini ya vitenge. Amewahi kukaa na mtu wa chuo cha kijeshi akamsikiliza siku mbili, akaandika? Sijasikia kwake. Tunacho Chuo cha Maafisa Monduli ambacho kimefundisha maafisa wa nchi nyingi za Afrika, tunacho na chuo cha ulinzi wa amani. Vitu anavyovijua koplo huyu vingefaa viwe somo pale, ili anayekwenda baada yake asianzie pale alipoanzia yeye, au pale nilipoanzia mimi 1979.

Vilevile waulizwe jinsi wanavyolala. Mtoto wangu akija hapa hakai chumba cha upande wa barabara. Lori likipiga mlio wa ekzosi usiku, anakuwa amesimama ukutani kabla hajaamka. Mwanawe wa miaka sita amezoea, anamshika mkono anamwambia, "Baba, ni gari." Nimemuuliza kama amemweleza daktari yeyote. Akasema akieleza wataona hafai kwenda tena, na anataka kwenda, kwa sababu yule kaka wa Kongo bado yuko hai na waliachana bila kuagana. Sikumkatalia. Ningekuwa yeye ningekwenda. Lakini daktari wa akili amwone kabla ya kuondoka na baada ya kurudi, kila askari bila kuchagua, ili asiwepo anayeonekana dhaifu kwa kuingia mlango ule.

Maandalizi yao yanaanza karibuni. Mkwe wangu ameshanunua daftari lingine, na kwenye ukurasa wa kwanza ameandika namba ile ile ya simu tuliyoachiwa safari iliyopita, kwa sababu hatujapewa nyingine. Nawaomba, kabla kikosi hakijapanda lori, tupeni namba yenye mtu.

Ni mimi mzazi,
Mgambo na askari wa zamani, vita vya Kagera,
Igoma, Mwanza.